Timbo la Bamburi: ardhi iliyolipwa baada ya kuchimbwa

Ukishika barabara ya Malindi kutoka Nyali, ukikaribia kiwanda cha simiti cha Bamburi, mkono wa kushoto utaona miti mirefu imesongamana nyuma ya lango la Haller Park. Watoto wengi wa Mombasa wamepelekwa pale na shule, wakalisha twiga, wakawacheka tumbili, wakarudi wamelala kwenye basi. Wachache huambiwa kwamba hawakukanyaga uso wa ardhi ya asili. Walikuwa chini yake, maana msitu ule umesimama kwenye sakafu ya timbo, yaani shimo la machimbo ya mawe.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama habari njema, na habari njema ni kweli. Mimi nakileta kwa sababu nyingine. Kuna mjadala umezidi kuwa mkubwa duniani kuhusu kama maadili yetu, yaani hesabu ya nani anaweza kudhulumiwa na nani anadai haki, yaishie kwa binadamu au yafike hadi kwenye udongo, maji, mimea na wanyama. Mjadala huo ukiendeshwa hewani hauna mwisho. Bamburi inatupa mahali pa kuujaribu, kwa sababu hapo ardhi ile ile ilivunjwa vibaya mno, kisha ikashughulikiwa vizuri mno, na mkono uliovunja ndio ulioshughulikia.

Kiwanda kilianza kutoa simiti mwaka 1954. Malighafi yake ni jiwe la tumbawe, mabaki ya miamba ya bahari iliyojengeka wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Bahari iliposhuka, miamba ikabaki nchi kavu, udongo mwembamba ukajikusanya juu yake na kichaka cha pwani kikaota. Ili ulifikie jiwe, unafyeka kichaka, unakwangua udongo, kisha unapasua mwamba na kushuka mpaka karibu uguse maji ya chini, ambayo hapo yana chumvi. Kufikia mwaka 1971 palikuwa pameachwa uwanja mweupe mtupu, hauna udongo wala kivuli. Jua likipiga jiwe jeupe, hata kuangalia kunauma macho.

Mwaka huo René Haller, Mswisi mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akifanya kazi na kampuni hiyo, alianza kujaribu kuurudishia uhai uwanja ule. Alijaribu aina 26 za miti. Tatu tu ndizo zilizostahimili, na iliyotia fora ni mvinje. Mvinje huishi kwa ushirika na bakteria mizizini mwake wanaokamata naitrojeni ya hewani, kwa hiyo huanza maisha mahali ambapo mti mwingine ungekufa njaa. Ukapandwa kwa wingi, ukakua haraka, na kwa mbali ungedhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Majani ya mvinje ni membamba kama sindano, na yana ukakasi unaowashinda wadudu na kuvu. Yalianguka yakalala palepale, tabaka juu ya tabaka, makavu, hayaozi. Miti ilikuwa imesimama lakini chini yake udongo hauzaliwi, na bila udongo hakuna kitu kingine kingefuata. Hapo ndipo alipoingia jongoo, yule mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu. Alionekana akitafuna zile sindano zilizoshinda kila mtu, basi wakakusanywa jongoo kwa mamia, wakaachiliwa timboni. Jongoo hasagi jani likawa udongo mara moja. Analikatakata, linapita tumboni mwake, linatoka kama vidonge vidogo vya mviringo, na vidonge hivyo sasa bakteria wanaviweza. Ukifukua chini ya mvinje uliozeeka utakuta juu sindano nzima za rangi ya kutu, chini yake vipandevipande, chini zaidi unga mweusi wenye unyevu. Kiasi cha unene wa vidole tu, na chini ya hapo jiwe. (Mwambao unamjua jongoo zaidi kwa ule msemo wa mtungi, ambao sitaumaliza hapa kwa heshima ya wazee. Anastahili jina bora.)

Kutoka hapo mambo yakafuatana. Miti mingine ya pwani ikapandwa katika mboji ile, mabwawa yakachimbwa, perege wakafugwa, ndege wakaja na mbegu zao, wanyama wakaletwa. Mwaka 1987 Haller alitunukiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mtoto wa kiboko aliyeokolewa pwani ya Malindi aliletwa hapo, akamganda kobe mkongwe wa asili ya Aldabra aitwaye Mzee, na dunia nzima ikaijua bustani kwa sababu ya urafiki huo. Sina ugomvi na kiboko. Ila kazi iliyofanya kiboko apate pa kulala ilifanywa na viumbe ambao hakuna anayewapiga picha.

Sasa tuje kwenye uchambuzi. Mtu anayetajwa zaidi katika mjadala huu ni Aldo Leopold, Mmarekani mtaalamu wa misitu aliyefariki mwaka 1948 akisaidia kuzima moto kwenye shamba la jirani. Katika insha iliyochapishwa mwaka uliofuata alisema kwamba tumezoea kuihesabu ardhi kuwa mali, ilhali ni jamii ambayo nasi ni wanachama wake tu. Kipimo chake kwa ufupi: tendo ni sawa likielekea kuulinda uzima, uthabiti na uzuri wa jamii hiyo, na ni kosa likielekea kinyume. Si watu wengi wanaokumbuka kwamba Leopold mwenyewe hakuandika hayo akiwa amekaa kwenye msitu bikira. Mwaka 1935 alinunua shamba lililochoka huko Wisconsin, akaanza na familia yake kulipanda miti. Kwa hiyo kisa chetu si kigeni kwake hata kidogo. Ni kazi ya aina ileile, sindano kwa sindano.

Leopold alianza hoja yake na watumwa wa Ugiriki ya kale, waliouawa na bwana wao bila mtu kuona kosa kwa sababu walikuwa mali. Sisi hatuna haja ya kusafiri mpaka Ugiriki. Hapa mwambao utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Kabla ya hapo mtu wa Mombasa mwenye heshima zake, anayeswali swala tano, anayelisha mayatima, aliweza kurithi minazi na watu katika orodha moja ya mirathi, na majirani wasione ajabu. Wapo wazee mjini ambao babu zao walizaliwa kabla ya mwaka huo. Silinganishi mtu na mwamba; anayelinganisha hivyo anamtukana mtu. Ninachosema ni kwamba mpaka wa nani anahesabiwa uliwahi kuwekwa mahali pasipostahili, watu wema waliishi ndani yake kwa raha, na hoja ya kuubakisha palepale ilikuwa ni hii tunayoisikia leo kuhusu ardhi: uchumi utaanguka, na kwani mali inadhulumiwaje?

Wala si kweli kwamba fikra ya kuipa ardhi heshima imetuingilia kwa meli kutoka Marekani. Kaya za Wamijikenda, misitu yao mitakatifu, ambazo kadhaa zimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008, zimelindwa kwa miiko: hapa hukati mti, hapa hupiti hivi, na aliyevunja hulipa faini ya mnyama na pahali pakatakaswa. Angalia faini hiyo imekaaje. Hakuna mtu aliyeibiwa. Aliyekosewa ni msitu, na wazee husimama kama wasemaji wake. Kwa upande wa dini, kila aliyepita madrasa amesikia hadithi ya Mtume kwamba Kiyama kikikukuta na mche mkononi, na ukaweza kuupanda, uupande. Mti huo hautamfaa mtu yeyote. Hakutakuwa na wa kula tunda wala wa kukaa kivulini. Bado umeambiwa panda. Sijasikia hoja kali kuliko hiyo dhidi ya wanaosema mti una thamani tu kwa kile unachotupa.

Tukiirudia Bamburi na vipimo hivi, la kwanza watu wanalouliza ni nia. Kampuni ilikuwa inajisafisha jina? Baadhi ya mivinje ilikatwa ikauzwa nguzo, perege waliliwa, wageni hulipa langoni. Mimi naona swali hilo linatupotezea muda. Leopold hakukataza kutumia ardhi, na mzee wa kaya naye huchuma dawa. Jambo lenye uzito ni namna kazi yenyewe ilivyofanywa. Mwaka 1971 sheria ya mazingira tuliyo nayo haikuwapo, ilikuja 1999. Hakuna afisa aliyekuwa anasubiri ripoti. Na ukiutazama mwendo wa kazi, utaona ardhi ndiyo iliyokuwa ikiamua hatua inayofuata. Mti ukikataa, unaachwa. Sindano zisipooza, hazichomwi moto ili pawe safi wala halimwagwi lori la udongo kutoka kwingine. Anatafutwa kiumbe anayezijua. Heshima kwa ardhi, ikishuka kutoka kwenye maneno, inafanana na hivyo: unaisikiliza kwanza, hata kama inakuchelewesha. Kuna miradi mingi ya kupanda miti katika kaunti yetu ambayo haijawahi kuuliza mti gani unataka kuwa wapi. Mgeni rasmi anapanda, picha inapigwa, mche unakauka.

Lakini upande wa pili wa hesabu lazima nao usomwe, na hapa ndipo wasimuliaji wa habari njema huharakisha. Msitu wa leo si kichaka kilichofyekwa. Kichaka cha pwani juu ya tumbawe kilikuwa na mimea, wadudu na mashimo yake yaliyojipanga kwa maelfu ya miaka, na sijui aliyekiandika kabla hakijaondolewa. Mwamba wenyewe haurudi. Unene wa vidole vichache wa mboji ni kazi ya ajabu kwa nusu karne, lakini jiwe lilitoka kwa kina cha mita kadhaa, na jiwe hilo sasa ni kuta za nyumba zetu. Kipimo cha uzuri Bamburi inakipita. Kipimo cha uthabiti, labda, mradi uwepo mtu wa kuitunza. Kipimo cha uzima, hapana. Kilichokuwapo hakipo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba maadili yalifika Bamburi, lakini yalifika jioni. Yalifika baada ya miaka 17 ya kuchimba. Siku ya kuamua kuchimba, ardhi haikuwa na nafasi mezani hata ya mshenga. Mwaka 1971 ikapata mtu wa kuisikiliza, na huyo mtu akafanya kazi ya kusifiwa, ila alichokuwa akisikiliza ni majeruhi. Tukichukua kisa hiki kama ushahidi kwamba unaweza kuvunja chochote ilimradi baadaye ulete miche, tutakuwa tumekisoma kinyume. Haller alikuwa na mishahara ya kiwanda nyuma yake, miaka mingi ya kujaribu na kukosea, na ardhi moja kubwa yenye mwenyewe mmoja. Hivyo vitatu ni nadra kukutana.

Tazama kaskazini kidogo tu, kutoka viunga vya Mtwapa hadi ndani ya Kilifi, na kusini upande wa Kwale. Kuna matimbo ya watu binafsi ambako mawe ya kujengea hukatwa kwa msumeno, yanapakiwa kwenye lori na kuja Mombasa. Jiwe likiisha, mkataji anahama. Shimo linabaki, mvua ikinyesha linajaa, mbu wanazaliana, mama anakataza watoto wasikaribie na watoto wanakaribia. Hapo hakuna jongoo aliyetafutwa. Wala siwezi kujitoa kwenye lawama hiyo kwa kuwa mtu wa mjini, kwa sababu mji wenyewe ni tumbawe. Fort Jesus iliyojengwa kuanzia 1593 ni tumbawe, Mji wa Kale ni tumbawe na boriti za mikoko. Tumekula ardhi hii tangu zamani, na hatuwezi kuacha kujenga.

Pingamizi la njaa, kwamba kuilinda ardhi kutawanyima watu riziki, nalijibu kwa ufupi. Wakata mawe wanahitaji kazi, ni kweli, na mashimo yanayobaki hayawaajiri. Pingamizi zito zaidi ni lingine, na ni la hapa kwetu. Pwani ina watu waliozaliwa kwenye ardhi ambamo babu zao walizikwa, lakini hati iko kwa mtu mwingine, wengine hawajawahi hata kuonana naye. Sheria ya mwaka 1908 iliyowataka wenye madai wayasajili iliwaacha nje wengi wasiokuwa na karatasi. Ukimwendea mtu wa namna hiyo ukamwambia aiheshimu ardhi, ana haki ya kukuuliza: ardhi gani, hii ninayoweza kufukuzwa kesho? Anayekata jiwe haraka anajua huenda mwakani hayupo. Sidhani kuna mtu anaweza kuhubiri maadili ya ardhi pwani akaliruka hili. Heshima ya muda mrefu huhitaji uhakika wa kukaa, na dhuluma kwa watu na dhuluma kwa ardhi hapa zimesokotwa kamba moja. Ila pingamizi hilo halimgusi mwenye hati ambaye anakodisha shamba lake kwa mkataji huku yeye akikaa Nairobi au Nyali. Huyo uhakika anao.

Na sheria imeshamtangulia, jambo ambalo wengi hawalijui. Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye au mtu mwingine yeyote amepata hasara au kuumia. Huo ni mlango mkubwa. Mahakama za kawaida hukuuliza kwanza, wewe umeumia nini? Hapa swali hilo limeondolewa, na mtu yeyote anaweza kusimama. Sheria ya mazingira ya 1999 nayo inaipa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira yaliyoharibiwa. Tena ina kipengele kinachonifurahisha zaidi, kifungu cha 112, kinachowezesha kipande cha ardhi kufungwa kwa sharti la matumizi, na anayefaidika na sharti hilo ni mazingira yenyewe. Si lazima pawe na jirani mwenye shamba la kunufaika. Sharti linaweza kuwa la miaka kadhaa au la kudumu, na linamfuata kila atakayeinunua ardhi hiyo. Mwenye ardhi anaweza kudai fidia. Wanasheria wataniambia hili halitumiki sana, najua. Lakini lipo kitabuni, na ndani yake ardhi imeandikwa kama mdai.

Tuseme basi ndugu wanne wamerithi shamba la ekari chache nyuma ya Mtwapa, na mwenye msumeno amekuja na bei nzuri ya kila lori. Wakinishauri wanitake maoni, sitawaambia wakatae. Nitawaambia mkataba ubebe mambo yafuatayo kabla msumeno haujawashwa. Kabla ya kufyeka, apitishwe mtu anayeijua mimea ya pwani aandike kilichopo, na kama kuna mbuyu au kichaka cha kaburi kiachwe na ukanda wa kukizunguka. Udongo wa juu ukwanguliwe na kurundikwa pembeni kwa ajili ya baadaye, usiuzwe. Huu ndio ambao Bamburi haikuwa nao, na umeigharimu miaka. Kina kisimame juu ya maji. Sehemu ya bei ya kila lori iingie akaunti ambayo mkataji hawezi kuigusa mpaka sakafu ya timbo iwe imefunikwa na miti imeshika. Na timbo lichimbwe kwa vipande, kipande cha pili kisifunguliwe mpaka cha kwanza kimeanza kupandwa. Mwisho waende mahakamani waombe sharti la kifungu cha 112, ili mmoja wao akiuza fungu lake miaka kumi ijayo, mnunuzi alikute shamba limeshafungwa.

Mwenye msumeno atasema kwa masharti hayo jiwe litakuwa ghali, na atakuwa anasema kweli. Bei ya leo ni rahisi kwa sababu shimo halimo ndani yake. Ongezeko hilo tutalilipa sisi tunaojenga Kisauni, Likoni na Changamwe, kila jiwe kwa shilingi zake chache.